Maji Niliyoyameza

Madam Akeyo,

Kikombe chako ninacho. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza mke wangu na watoto wanaendeleaje. Kiko hapa mezani, kile cha bati cheupe chenye ukingo wa buluu. Pale kilipobanduka karibu na mkono pamezidi kidogo, nilikiangusha. Nyumbani wote ni wazima. Mke wangu anakusalimu, au angekusalimu kama angejua ninakuandikia. Nimemwambia nasahihisha madaftari.

Ni miezi minane sasa tangu tukuzike, na kwa mitano ya hiyo nimekuwa na jambo la kukuambia, nikawa nalikwepa. Nimekaa kuandika mara tatu, nikachana karatasi mara tatu. Nina aibu, Madam. Nimeona niseme hivyo mapema ili usije ukadhani nakuletea sifa. Sifa nilizimaliza siku ya mazishi yako.

Hukuzisikia, ulikuwa kwenye jeneza, kwa hiyo nikusimulie. Watu walijaa kule kwenu Homa Bay hadi wengine wakakaa kwenye mawe ya kuanikia dagaa wetu wa omena. Aliyekuwa akiongoza ratiba alinipa dakika mbili, kwa niaba ya wanafunzi wako wa zamani. Mimi unanijua. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema nilizaliwa nikiongea, kwamba mkunga alipata habari zote kabla hajauliza. Nilishika maikrofoni mpaka mchungaji akaanza kukohoa. Niliwaeleza waombolezaji juu ya maji yako, wakacheka, wakalia, nami nikaona nimepata, nikaongeza la kujifunga kamba shingoni. Nikasema, "Leo maji ya Madam nimeyashika mimi." Wakapiga makofi. Baadaye binti yako mkubwa akanijia nyuma ya hema na kikombe hiki amekifunga kwenye leso, akaniambia, "Mama angependa kikae na wewe."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Nilistahili, au ndivyo nilivyodhani.

Maji yale nakumbuka vizuri kuliko hata harusi yangu. Shuleni kwako Awendo, siku ya wazazi, malori ya miwa yakipita nje na kutikisa madirisha, na sisi tumepangwa kila mtoto kando ya picha yake. Kabla ya mtoto kuanza kueleza picha, ulikuwa unapiga funda moja kubwa kutoka kikombe hiki, usilimeze. Ulisimama pale na mashavu yamefura, mwalimu mzima, mpaka mtoto amalize. Akimaliza, unameza. Wa pili, funda jingine. Wageni wakikuuliza kitu, unaonyesha mashavu kwa kidole, kisha unamwonyesha mtoto.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa na miaka kumi na ng'ombe wangu alikuwa na miguu sita. Mwenyekiti wa wazazi alicheka, akakuuliza kama siku hizi hamfundishi watoto kuhesabu. Ukaonyesha mashavu. Ukanionyesha mimi. Nilikaa kimya nikakaribia kujikojolea, nikakutazama unisaidie, na wewe ukanitazama tu na maji yako. Mwishowe nikasema, "Anakimbia. Miguu minne ni ya ng'ombe aliyesimama." Yule mzee akainama akaangalia tena, akasema kwa sauti ya chini kwamba kweli anakimbia. Nadhani ualimu uliniingia pale pale.

Miaka mingi baadaye, nilipokuja kwako kufanya mazoezi ya kufundisha, nilikuuliza sababu ya maji. Ulisema mtoto akinyamaza mbele ya watu hajapotea, bado anaongea na picha yake, na mwalimu asiye na kitu mdomoni hawezi kuvumilia kimya hicho. Ukasema, "Ukimjibia mara moja, Odhiambo, hatakuwa na haja ya kujibu tena." Niliandika maneno hayo kwenye jalada la ndani la daftari langu. Yapo hadi leo.

Sasa nikuambie habari za Anyango.

Shule yetu iko huku Suna Magharibi, si mbali na Masara, na wazazi wengi wanachimba au wanaosha dhahabu. Anyango ni wa Gredi ya Sita, ana miaka kumi na miwili, mtoto wa kukaa dirishani na kuongea kidogo. Anaishi kwa bibi yake, mama wa mama yake, anayemwita Dani kama watoto wa kwetu wote wanavyoita bibi zao. Nilijua mama yake alikufa. Nilijua hivyo kwa sababu kwenye rejista kuna mahali pa kuandika yatima, na mimi ndiye niliyeandika.

Muhula wa pili tulitangaza maonyesho ya picha. Wazazi wangekuja, na wageni kutoka ofisi ya elimu ya kaunti. Niliwafundisha watoto kutengeneza rangi ulivyotufundisha: udongo wa kichuguu, makaa, majani ya kunde yaliyopondwa na kukamuliwa kwa kitambaa. Karatasi ilikuwa ile ya mifuko ya saruji, upande wa ndani. Shule pia ilikuwa na makopo machache ya rangi ya dukani, na hayo nilikuwa nayafungia kabatini ili yasiishe.

Anyango alichora boma la Dani. Aliichora nyumbani kwa wiki mbili, akija nayo Jumatatu imekunjwa chini ya kwapa na kurudi nayo jioni. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote, na nasema hivyo sasa nikiwa na akili timamu. Nyumba kubwa ya Dani inatazama lango. Nyumba ya mjomba. Simba ya binamu yake, kile kijumba cha kijana wa kiume, karibu na lango inapotakiwa kuwa. Ghala, migomba, kuku wakubwa kuliko mbuzi. Na kuzunguka vyote, ua wa ojuok, ile miti yetu ya utomvu mweupe, umechorwa kijani cha majani ya kunde, kijiti baada ya kijiti. Ila upande mmoja, nyuma ya migomba, ua ulikuwa umetokeza nje kama mfuko wa suruali uliojazwa mawe. Na ndani ya mfuko huo palikuwa na kisanduku kidogo chenye vidoa vya manjano.

Mimi ni Mjaluo na najipenda kwa hilo. Nilipoona boma lile nilianza kuandaa hotuba kichwani. Ningewaeleza wageni kwa nini nyumba ya mke mkubwa inakaa pale, kwa nini simba inakaa huku, nani anajenga kwanza na nani anasubiri. Nilikuwa nikiisema njiani nikienda nyumbani. Picha ya mtoto ikawa ubao wangu wa kufundishia.

Siku moja kabla ya maonyesho, saa kumi jioni, mwalimu mkuu alipita darasani kuangalia tumefika wapi. Alisema kazi ziwe nadhifu kwa sababu ya wageni. Akafika kwa picha ya Anyango, akatania, "Huu ua mbona umelewa?" Nikacheka naye. Alipoondoka nikafungua kabati.

Nilichukua rangi ya kahawia ya kopo nikafunika vijiti vya ule mfuko. Kisha nikachukua kijani cha kopo nikanyoosha ua, mstari mmoja safi kutoka kona hadi kona, na kile kisanduku chenye vidoa kikabaki nje. Ilinichukua kama dakika kumi. Wala sikujificha, sikufunga mlango, watoto wawili walikuwa wakifagia hapo hapo. Nikarudi nyuma hatua tatu nikaitazama, nikafurahi. Hiyo furaha ndiyo inayonichoma zaidi, Madam. Nilifanya ubaya huku nikipiga mluzi.

Maonyesho yenyewe yalianza vizuri. Madawati yalitolewa nje, picha zikaning'inizwa kwenye kamba ya katani kwa vibanio vya nguo. Kikombe chako kilikuwa mkononi mwangu na mtungi wa maji mezani. Mtoto wa kwanza akaja, nikapiga funda, akaeleza, nikameza. Wa pili, hivyo hivyo. Wageni walipoulizia mashavu yangu, mwalimu mkuu akawaambia ni mbinu ya mwalimu wake marehemu, wakatikisa vichwa kwa heshima, na mimi nikafurisha mashavu zaidi kidogo. Nilikuwa nakuigiza wewe. Naona hivyo sasa.

Akaja Anyango. Alikuwa amesukwa nywele upya na soksi zimepandishwa. Alisimama kando ya picha mikono nyuma kama nilivyowafundisha, akageuka kuitazama kabla ya kuanza.

Akanyamaza.

Aliitazama picha, akanitazama mimi, akairudia picha. Nilidhani amesahau maneno yake. Nilijua kungoja, kweli nilijua, ilikuwa imeandikwa kwenye daftari langu. Lakini mama mmoja, aliyekuwa kiongozi wa wageni, akaangalia simu yake, mwalimu mkuu akakohoa, na hotuba yangu ya boma ilikuwa imenijaa kifuani kuliko maji yalivyonijaa mdomoni.

Niliyameza. Niliyasikia yakishuka.

Nikasema, "Huyu ana haya kidogo. Wacha nimsaidie." Na nikamsaidia, Madam. Nilimsaidia kwa muda mrefu. Nilieleza nyumba moja moja. Nilionyesha kwa rula. Nilisifu ua ulivyonyooka, kwamba boma la Mjaluo halina kona za kujificha. Nilipofika kwenye kile kisanduku nikaona nichekeshe watu kidogo, nikasema, "Na hapa nje, bibi hakusahau kitalu chake cha sukuma wiki." Watu wakacheka. Mgeni mmoja akasema kwa bibi huyo njaa haitaingia. Wakapiga makofi, na wakati wote huo mtoto alikuwa amesimama kando yangu, mikono nyuma, soksi juu, kama mtu anayesubiri kuruhusiwa kwenda.

Dani yake alikuwa amekuja. Alikaa benchi la nyuma na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Watu walipokwenda kunywa soda yeye alibaki, akaja polepole hadi kwenye picha, akaweka kidole kwenye ule mstari wangu wa kijani. Rangi nilipaka nzito, ilikuwa haijakauka vizuri. Akakitazama kidole chake, kisha akanitazama mimi. Hakukasirika. Aliniambia kwa Kijaluo, taratibu, kama mtu anayekuonyesha njia:

"Mwalimu, umemtoa tena."

Akamshika mtoto mkono wakaenda. Mimi nikabaki pale sielewi nimemtoa nani.

Ilibidi nitafute. Kila mtoto alikuwa ameandika sentensi tatu za kusema siku hiyo, na mimi nilikuwa nimezisahihisha wiki moja kabla, madaftari thelathini na manane kwa kikao kimoja, huku redio ikitangaza mpira. Nilichomoa la Anyango kwenye rundo nikaufungua ukurasa. Alikuwa ameandika hivi:

Hii ni boma ya Dani. Mama yangu amelala nje ya fensi kwa sababu hakuolewa. Mimi nimezungusha fensi ikamfikia ndio akae ndani na sisi.

Na chini yake, kwa kalamu nyekundu, alama ya vema kubwa kama jembe. Na neno langu: Vizuri!

Sikuwa nimesoma, Madam. Niliweka vema sikusoma. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nimeiandika ubaoni mara ngapi methali hiyo, na mtoto alikuwa ameniandikia kila kitu kwa mwandiko wa kunyooka, wala hata kuuliza hakukuhitajika, ni kusoma tu.

Wewe ni wa kwetu, huna haja ya kuelezwa. Binti akifia kwao hajaolewa halazwi ndani ya boma la baba yake. Mama yake Anyango alikuwa ameenda kuosha dhahabu Masara, akarudi na mtoto, baadaye akarudi na ugonjwa, akafa kwa mama yake, na kaka yake, huyo mjomba mwenye boma sasa, akawaonyesha wachimba kaburi mahali nyuma ya ojuok. Alifanya kama desturi inavyotaka. Mimi mwenyewe nina shangazi aliyelala hivyo. Utotoni nilipita kando ya kaburi lake kila siku nikienda mtoni na sikumbuki mtu hata mmoja akilitaja. Nilijua kila nyumba ndani ya boma inakaa wapi na kwa nini, ningeweza kuhutubia kutwa, lakini nje ya ua sikuwa nimewahi kutazama. Mtoto alitazama. Alikuwa na majani ya kunde tu na karatasi ya saruji, akapata njia ya kumwingiza mama yake, na mimi nikamtoa kwa rangi ya serikali, kisha nikawaambia wageni kwamba ni sukuma wiki.

Nilikaa kwenye dawati la mtoto mpaka mlinzi akaja kufunga.

Baada ya hapo Anyango aliacha kuchora. Hakugoma. Alipokea karatasi, akasema asante mwalimu, na mwisho wa somo akairudisha nyeupe na jina lake juu. Nikimuuliza swali darasani alikuwa ananitazama mdomo, akisubiri nijibu mwenyewe. Ulivyosema ndivyo ilivyokuwa. Wenzangu walidhani ni umri. Mwalimu mkuu aliniambia yale maelezo yangu ya boma yaliwafurahisha sana watu wa kaunti na huenda nikaitwa kwenye semina. Nilisema asante. Sikumweleza. Nilijificha nyuma ya sifa hiyo kwa wiki tatu nzima, na hiyo pia nakuungamia.

Jumamosi ya wiki ya nne nikaikunja picha nikaenda kwao.

Dani alinipa uji. Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha na akasema kunywa kwanza, uji unapoa. Nikanywa. Nikasema yote, na la sukuma wiki nikalirudia ili ajue nalijua. Akasema yeye ameshasikia, lakini si yeye niliyemnyang'anya. Anyango alikuwa jikoni nyuma, nilikuwa nasikia akivunja kuni. Hakutoka. Kuni zile zilivunjwa ndogo ndogo siku hiyo, nafikiri zilitosha hata kwa njiti za meno. Nikarudi na ile picha. Jumamosi iliyofuata, hivyo hivyo, isipokuwa uji ulikuwa na sukari.

Ya tatu akatoka. Akakaa kwenye kigoda mbali kidogo. Nilitandaza picha chini kwenye kivuli cha ukuta, nikaomba beseni la maji na kitambaa, nikamwambia, "Anyango, nilikosa. Nataka kutoa rangi yangu." Nikaanza kusugua ile kahawia polepole. Rangi ya dukani inatoka kwa maji, wewe ulituambia, lakini ya majani inaingia ndani ya karatasi na kukaa. Ule mfuko wa ua ukaanza kurudi, kijiti baada ya kijiti, umefifia kidogo lakini wote upo. Alisogeza kigoda. Nilipomaliza kahawia nikahamisha kitambaa kwenye ule mstari wangu wa kijani, ule ulionyooka.

"Hiyo wacha," akasema.

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikamwambia ule ndio mbaya, ndio uliomtoa mama.

"Wacha ikae. Hiyo ni yako."

Nilimtazama Dani anisaidie. Dani alikuwa anachambua maharagwe. Nikaweka kitambaa chini. Ningetoa shati langu ili ule mstari utoke, Madam, na mtoto alijua hivyo, na ndiyo sababu ulibaki. Kisha akasema neno refu kuliko yote aliyowahi kuniambia. "Nitasema ile yangu. Lakini nitasema hapa, mjomba akiwa. Na ushike maji."

Jumapili baada ya kanisa walikusanyika nyumbani kwa Dani: mjomba, mke wake, binamu wa kwenye simba, majirani watatu au wanne ambao Dani aliwaita kwa kisingizio cha chai. Picha ilitundikwa ukutani karibu na mlango. Mjomba wake ni mtu mrefu, mpole, mkulima wa miwa, alikuja amevaa koti. Nadhani hakujua ameitiwa nini. Nilitoa kikombe chako kwenye mfuko, nikachota maji kwenye nyungu, nikapiga funda. Watu wakaniona mwendawazimu. Haidhuru.

Anyango akasimama. Akanyamaza, na safari hii alinyamaza muda mrefu kuliko shuleni. Mke wa mjomba akaanza kujisogeza kwenye kiti. Jirani mmoja akanikonyeza kama kusema, mwalimu, msukume mtoto. Maji yakapata joto mdomoni. Nilitaka kumeza, nakuambia ukweli, hata siku ile, baada ya yote yale. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nikawa nalirudia hilo kichwani, kama mtoto anayekariri jedwali. Nikabana midomo.

Akasema sentensi zake tatu. Hakubadilisha hata neno. Alipofika "akae ndani na sisi" sauti ilishuka lakini haikukatika.

Mjomba aliinama mbele, akaitazama picha, kisha akanigeukia mimi, si yeye. "Mwalimu," akasema, "haya ni wewe umemfundisha?"

Swali hilo lilikuwa langu. Aliniuliza mimi, mtu mzima kwa mtu mzima, na ningeweza kulijibu vizuri sana, ningemtetea mtoto, ningesema mambo ya maana juu ya desturi na mapenzi. Nilikuwa na maneno mengi. Nikamwonyesha mashavu kwa kidole. Kisha nikamwonyesha Anyango.

Anyango alisogea akaweka kidole kwenye picha. "Hii fensi ya ndani ndio ya mwalimu. Alichora na hakuniuliza." Akasogeza kidole. "Hii ingine ndio yangu."

Machozi yalinitoka mbele ya watu wote hao, Madam, lakini maji hayakutoka.

Mjomba akauliza, akikionyesha kile kisanduku, hapa ni nini. Anyango akamwambia, "Ni mama." Mjomba akainuka, akatoka nje. Kutoka pale nilipokuwa nilimwona kupitia mlangoni, amesimama kando ya ojuok ametupa mgongo, koti lake likipepea kidogo. Hakukaa sana. Alirudi akaomba chai, akazungumza habari za mvua. Hakusema lolote juu ya picha, na hakuiondoa ukutani.

Usinisubiri nikuambie ua wa kweli umehamishwa. Haujahamishwa. Nilipita juzi makusudi nikaangalia, umenyooka vile vile. Lakini Jumatatu ile Anyango alipopokea karatasi aliinamia dawati, na mwisho wa somo hakuirudisha, alisema hajamaliza.

Maonyesho ya muhula huu ni wiki ijayo. Watu wa kaunti wanakuja tena, mama yule yule, na mwalimu mkuu ameomba ile picha ya boma itundikwe tena kwa sababu iliwapendeza. Nilimuuliza Anyango kama anakubali. Alisema atafikiria. Leo asubuhi ameniletea picha, na kadi ya manila ya kubandika chini yake, ameiandika mwenyewe, akaniomba niangalie kama kuna makosa. Nimeisoma neno kwa neno, mara mbili, mbele yake.

Boma ya Dani. Imechorwa na Anyango. Fensi ya ndani imechorwa na Mwalimu Odhiambo bila kuuliza.

Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni na sikuitoa. Nilimwambia haina kosa. Nikamuuliza itabandikwa wapi, akasema chini ya picha, kwa urefu wa macho ya watu wazima.

Kwa hiyo wiki ijayo yule mama atasogea asome, kisha ataniangalia mimi. Atataka kuelezwa. Wewe lala, Madam wangu, pumzika na upepo wa ziwa, usiwe na wasiwasi juu ya kikombe. Nakuahidi nitakuwa nimesimama pale kando ya jina langu na mdomo umejaa, na atakayemjibu ni Anyango. Na nikiyameza tena, nitakirudisha mwenyewe Homa Bay kwa binti yako, mikono miwili, na nitamwambia sababu.

Ni mimi, yule wa ng'ombe wa miguu sita,
Odhiambo